Kijerumani Nyuma ya Pazia

Jumanne, 4 Julai 1995

...na isitoshe, nani alisema mtu akiolewa anapumzika? Leo siku ya ishirini Mayala wangu yuko Bremen, anasomea mitambo ya kugandisha samaki. Miaka miwili! Mimi niko Igoma kwa wazazi wake, na shati lake la kijani sijalifua. Sitalifua. Wiki sita tu za ndoa – sita! – halafu ndege ikamchukua.

Barua yake imefika. Anasema huko saa tatu usiku bado jua linawaka na hana wa kumwonyesha. Nimelia, nimecheka, nimeibusu karatasi.

Sasa hili. Kanisa lililomdhamini lina nafasi moja tu kwa wake za wanafunzi wake: litalipa nauli na kutoa chumba, ila mke awe anajua kuzungumza Kijerumani kidogo. Mjumbe wao, Mama Renate, amefikia Butimba. Atanipima tarehe 18. Nikishindwa, miaka miwili bila Mayala. Nitakauka.

Anayejua Kijerumani hapa ni mmoja tu – baba mkwe. Alikuwa mpishi wa madaktari wa misheni miaka kumi na mitano. Na mimi, kwa heshima yetu Wasukuma, siketi naye chumba kimoja wala simtazami usoni. Nitafundishwaje?

Alhamisi, 6 Julai

Njia imepatikana! Baba barazani, mimi sebuleni, pazia katikati. Wifi yangu Kashindye anapeleka daftari huku na huku. Analalamika kuwa yeye muuza mitumba, si posta.

Leo tumeanza vitenzi vya ajabu. Kuamka ni aufstehen. Nikajua nimekipata. Kumbe ukitaka kusema unaamka saa kumi na mbili, kinapasuliwa kama sangara! Kipande cha mbele kinatupwa mwisho kabisa: Ich stehe um sechs Uhr auf. Unasema habari yako yote, ndipo auf. Muda wote huo Mjerumani anasubiri tu?

Baba anaanza sentensi, anagonga fimbo sakafuni, mimi natupia kipande cha mwisho. Nimekosea mara kumi na moja. Ilipofika "mume wangu ananipokea" – Mein Mann holt mich – fimbo ikagonga, nami napekua daftari. Akasema kwa sauti, "Kashindye, mwulize mwenzako, mumewe amfuate uwanjani au arudi nyumbani?"

Ab! Mungu wangu, ab!

Jumapili, 9 Julai

Sitaweza. Leo nimeambiwa ukisema unataka kuamka, kipande kinarudi mahali pake: Ich will aufstehen. Ukisema umeshaamka, kitu kingine kinaingia katikati: aufgestanden. Halafu kuna vinavyokataa kupasuliwa. Verstehen, kuelewa, hakigawanyiki kamwe. Mimi nikakigawa. Fimbo iligonga mara tatu, nikasikia Baba anapumua kama mtu aliyepanda mlima.

Jirani yetu Mama Shimba alikuja mbio kumwuliza mama mkwe, mzee anamfokea mkwewe kwa lugha gani?

"Ya kumpeleka kwa mumewe," mama akajibu.

"Basi na afoke zaidi, shoga yangu. Mbona anafoka kidogo?"

Walicheka. Mimi nililia jikoni, nikasingizia kitunguu. Tulikuwa tunapika uji.

Ijumaa, 14 Julai

Bado siku nne. An, ab, auf, zu – zimejaa kichwani kama kuku wasio na mwenyewe. Nikichota maji, Ich mache die Tür zu, nafunga mlango. Nikichambua mchele, Mein Mann ruft mich an. Simu hatuna, lakini mume wangu anapiga kutwa nzima!

Jumanne, 18 Julai

Niandike haraka kabla taa haijaisha mafuta.

Nilivaa gauni la bluu la sherehe. Kashindye akanisindikiza, akabaki nje. Mama Renate ni mwembamba, mpole, Kiswahili hajui. Karani wa kanisa, Obedi, kijana wa Bukoba, alikaa pembeni. Aliambiwa asinisaidie wala asitafsiri neno.

Unaamka saa ngapi? Nikajibu – auf! Nani atakupokea? Mein Mann holt mich ab! Kila kipande kilitua mahali pake. Mama Renate akatabasamu. Nikamwona Mayala mlangoni mwa uwanja wa ndege, naapa nilimwona.

Kisha akavuta fomu. Familia ya mume. Baba mkwe wako anaitwa nani?

Nilielewa. Kila neno nilielewa! Lakini kwetu mke hatamki jina la baba mkwe. Hata kijiji kikiwa na jina hilo, unakizunguka kwa maneno mengine. Akauliza tena polepole. Akauliza kwa sauti ya juu, kama mimi kiziwi. Nikainamisha kichwa.

"Dada, taja tu jina!" Obedi akanong'ona. "Si jina tu?"

Kwao Wahaya labda ni jina tu. Ningeeleza, lakini kwa Kijerumani gani? Nina kuamka, kufunga mlango na kupiga simu. Mama Renate akafunika kalamu.

Obedi alimwambia Kashindye nje kwamba Mama Renate anaona nimekariri kama kasuku, swali dogo sijalielewa.

Kashindye alinisema njia nzima. "Wifi, ungelitaja! Nani angekusikia Butimba?"

Mimi ningejisikia.

Jumatano, 19 Julai

Baba ameambiwa yote. Hakuketi barazani leo. Pazia limening'inia tu.

Obedi ameleta habari: yuko mke mwingine, wa Bukoba, anasubiri nafasi hiyo. Mama Renate anaondoka tarehe 31.

Mayala, nitakuandikia nini? Kwamba nilinyamaza?

Ijumaa, 21 Julai

Alasiri nilisikia kiti kikiburutwa barazani. Kikohozi. Kashindye yuko sokoni, kwa hiyo hapakuwa na mtu katikati yetu, pazia tu. Nikaketi sakafuni, daftari magotini.

Baba hakusalimia, hakuuliza. Akaanza sentensi mpya, neno kwa neno, mara tatu, mpaka nikaiandika: Ich spreche seinen Namen nicht –

Fimbo ikagonga.

Sikukijua kipande. Akanipa mwenyewe, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake: aus. Aussprechen ni kutamka. Jina lake silitamki. Akaongeza, nikaandika: kwa sababu namheshimu.

Nikasema yote. Nikakosea. Nikasema tena. Mara ya saba fimbo haikugonga. Nilisikia anapenga kamasi, akaondoka taratibu kuelekea bandani kwa ng'ombe.

Sijui kama nafasi bado ipo. Sijui kama Mama Renate ataona heshima au ukaidi. Nimeandika kikaratasi, Kashindye atampa Obedi kesho: Mwambie Mama asifunge begi lake. Jibu la lile swali ninalo sasa, nakuja Butimba kulisema mwenyewe kabla mwezi haujaisha.