Mwili Wako Uko Jimbo Gani?

Ontario, Oregon
Machi 7, 2023

Mwanangu Maren,

Pokea salamu zangu, za mbwa, na za goti langu la kushoto. Wawili wa kwanza ni wazima. Wewe na watoto hamjambo? Theluji ya Boise imekwisha?

Haya. Nilikuahidi kwamba nitaongea na yule mwanasaikolojia mwenzako, Daktari Ingram, na Orval Stuckey akiahidi hutimiza. Jana nikanyoa ndevu, nikavaa shati la kanisani, nikakaa jikoni mbele ya kompyuta. Mama wa watu akatokea, uso mpole, na swali lake la kwanza: "Bwana Stuckey, mwili wako uko wapi sasa hivi?"

Nikajiangalia. Nikamwambia uko kitini.

"Kiti kiko jimbo gani?"

Oregon, mama, tangu babu yangu alipokinunua! Akasikitika, akasema leseni yake ni ya Idaho tu, hawezi kunisikiliza, akaniaga. Nimenyoa bure.

Hebu nieleze wewe msomi. Vitunguu vyangu huvuka daraja la Mto Snake bila kuulizwa kitu, vinakwenda kuwaliza watu mpaka Boise. Machozi yangu ndiyo yasivuke?

Bado nalala kwenye kochi. Mlango wa chumba chetu sijaufungua tangu mama yako afariki, na usianze kunifokea.

Baba yako


Boise, Idaho
Machi 11, 2023

Baba mpendwa,

Huku hatujambo, theluji imebaki kwenye viatu vya watoto tu. Pole kwa goti, na kwa ndevu pia.

Sheria haiangalii daktari amekaa wapi, inaangalia mgonjwa amekaa wapi. Ndiyo maana anauliza mwili. Yapo majimbo yaliyokubaliana kupokea leseni za wenzao, lakini Oregon haimo. Daktari Ingram ameomba leseni ya kwenu. Hizo karatasi zitachukua miezi. Na wewe huna miezi ya kuchezea, Baba. Krismasi niliuona ule mkanda wako, umeutoboa matundu mapya kwa msumari. Madaktari wa upande wenu wana foleni mpaka vuli. Boise hutaki kuja, unasema barabara zetu ni za vichaa. Mimi siruhusiwi kukutibu kwa sababu ni mwanao, tena ningekufokea kweli.

Basi vuka daraja. Egesha pale Fruitland, upande wetu wa Idaho, uongee na simu ukiwa ndani ya pikapu. Wagonjwa wetu wengi wa ng'ambo hufanya hivyo. Ila usimdanganye: ukisema uko Idaho kumbe uko Oregon, leseni yake ndiyo itakayoponzeka.

Na usiache kula.

Mwanao, Maren


Ontario
Aprili 4, 2023

Mwanangu Maren,

Nashukuru mko wazima. Mbwa anakusalimu. Mimi nina balaa.

Nimekuwa nikivuka kila Jumatatu kama ulivyoniagiza. Naegesha kando ya ile gesti ya Fruitland kwa sababu ukuta wake unakinga upepo. Nimemweleza daktari habari za vitunguu, na kutu ya trekta, na ujinga wa jirani. Anasikiliza vizuri mno. Akigusa habari za mama yako Twila, namwambia mtandao unakatika. Haukatiki.

Sasa Lavonne Petrick wa kwaya akaniona pale nje ya gesti, nimevaa shati la kanisani, nachekelea simu. Jumapili habari zimefika kanisani kabla yangu: Orval ana mwanamke Idaho! Wale wajane waliokuwa wakiniletea viazi vya kuoka na jibini wamekoma, wote kwa mpigo. Nimebaki na maharage ya kopo. Lavonne akanizuia mlangoni: "Orval, Twila hajatimiza hata mwaka!"

Nikamwambia, "Ni daktari."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Basi nimeacha. Siendi tena, na usinibembeleze.

Baba yako


Boise
Aprili 29, 2023

Baba,

Watoto wanakuulizia, na sina la kuwajibu. Barua yangu ya kwanza umenyamaza, ya pili umenyamaza. Simu hupokei, najua siku zote Mama ndiye aliyekuwa akiongea simuni, wewe ukipayuka kutoka kwenye kiti chako. Lakini naogopa, Baba. Naogopa kabisa.

Jumatatu ya tarehe nane Mama anatimiza mwaka. Daktari amekuwekea saa yako ileile. Mwache Lavonne aseme mpaka ulimi uote sugu. Vuka tu.

Mwanao


Ontario
Mei 9, 2023

Mwanangu,

Usilie, mimi mzima. Nilivuka, ingawa kwa miguu.

Nilipofika darajani jana, lori la vitunguu lilikuwa limepinduka. Vitunguu vimetapakaa, magari yamevipondaponda, na mimi nimenasa kwenye foleni upande wetu wa mto. Nyuma yangu nani? Lavonne! Saa ya daktari ikakaribia. Ningeweza kudanganya, lakini nikakumbuka ile leseni. Nikaiacha pikapu palepale, nikatembea juu ya vitunguu mpaka ng'ambo, nikakaa juu ya kreti chini ya kibao cha Idaho.

"Mwili wako uko wapi, Bwana Stuckey?"

"Idaho, mama. Nimekiegemea kibao."

Akaniuliza habari za Twila, na safari hii sikuusingizia mtandao. Nilimwambia kwamba mto wa kulalia wa mama yako una bonde la kichwa chake, na naogopa nikifungua mlango nitalikuta halipo. Nikalia, Maren, nikalia kwa sauti. Na hakuna aliyenishangaa, maana kwa vile vitunguu polisi alikuwa akilia, madereva wanalia, daraja zima linalia.

Lavonne akaja na macho mekundu, akachungulia simu yangu bila haya. "Kumbe ni daktari kweli!" Daktari akauliza kuna nani hapo. Nikamwambia ni kwaya.

Viazi vililetwa jioni ileile, mabakuli matatu.

Baba yako


Boise
Julai 19, 2023

Baba mpendwa,

Sote wazima, na nina habari njema: leseni ya Oregon imetoka! Jumatatu usihangaike na daraja. Nyoa tu, ukae jikoni kwako.

Nakupenda. Mabakuli ya watu yarudishe.

Mwanao, Maren


Ontario
Julai 25, 2023

Mwanangu Maren,

Salamu kwenu nyote. Goti limetulia, mbwa amenenepa kwa viazi, nami nimerudi kwenye tundu la zamani la mkanda.

Jana saa yangu ilipofika nilikuwa jikoni, nimeshanyoa. Nikainuka na kompyuta mikononi. Daktari akatokea, na unajua swali lake.

Nikamwambia, "Oregon, mama. Chumbani kwangu. Kitandani, upande wa Twila."

Nikaupapasa mto. Lile bonde la mto halipo, Maren. Sijui liliondoka lini. Nilikaa hapohapo hadi saa yake ikaisha, kisha nikafungua dirisha.

Ukija Jumamosi niletee mashuka, yale mapana. Ya kwenye kochi hayatoshi kitanda hiki.

Baba yako