Dawa Haishukuriwi

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nimerudi kutoka Muthangari, kwa mwanangu Lenox. Miguu inawaka! Lakini dawa imefika. Nilichemsha tangu alfajiri — ogaka, ile shubiri chungu ya kwetu, majani ya mpera, na magome aliyonitumia dada yangu kutoka Siaya. Nyumba nzima inanuka, Uthiru yote imejua. Utumbo wa Lenox umevimba ndani, una vidonda, choo kinatoka na damu. Daktari alimwambia atameza tembe maisha yake yote. Maisha yote! Mtoto niliyemzaa mimi! Mhasibu, ofisi ghorofani pale mjini, jina lake liko mlangoni — nimeliona kwa macho yangu.

Sikumkuta. Kazi. Nzau, askari wa geti, alipokea chupa akainusa. Eti, mama, hii ni dawa ama petroli? Nikamwambia ni ya watu wenye akili, wewe itakushinda. Tulicheka! Akanirudishia chupa ya wiki iliyopita. Tupu, imeoshwa vizuri. Mwanangu anakunywa!

Jumapili, 7 Septemba

Nimetoa ushuhuda kanisani. Nimesema damu imekatika. Mkewe, Ivyne, aliniambia juzijuzi ana nafuu — si ni kitu kimoja? Vigelegele mpaka paa likatetemeka.

Kamene, jirani yangu, akanifuata nje. "Sasa Mama Lenox, yeye mwenyewe anasemaje?" Nikamwambia hasemi kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Kwetu dawa ya miti haishukuriwi. Unapokea, unanyamaza, unakunywa. Ukisema asante umeiua. Lenox anajua sana. Akiwa mdogo alimwambia nyanyake asante kwa dawa ya minyoo — ikamwagwa, ikachemshwa upya, na alilia huyo! Kwa hivyo hapigi simu. Ni heshima. Nani mwingine ana mtoto kama huyo hapa Uthiru?

Nimepika ugali mwingi. Sijui nilikuwa nampikia nani.

Jumamosi, 13 Septemba

Chupa tupu tena. Nzau anasema bosi amekonda. Nikamwambia dawa ikisafisha lazima mtu akonde kwanza. Mvua ilinikuta hapo, nikajibanza kwenye kibanda chake. Kwa Lenox, juu, taa ilikuwa inawaka. Nikasema labda wamesahau kuizima. Nzau akajifanya anatafuta mwavuli.

Jumatano, 17 Septemba

Lenox amepiga simu! Nilikuwa nafua, nikakimbia na povu mkononi.

"Asante sana mama kwa dawa. Imenisaidia. Sasa pumzika, usihangaike kuleta tena."

Nikasema sawa, baba. Nikamuuliza kama amekula. Akasema ana mkutano.

Asante.

Aliyekunywa hasemi asante. Anajua. Nani alimpiga kofi la mdomo siku ile ya minyoo? Mimi.

Chupa zote zile. Na vile zilikuwa zinaoshwa vizuri.

Ijumaa, 19 Septemba

Hospitali, mjini. Naandika kwenye benchi nje ya wodi, mwandiko umepinda. Ivyne alinipigia asubuhi akilia. Damu nyingi, wamemlaza.

Mwanangu amekuwa mwepesi kama shati. Nilikuwa nimemshika mguu wakati daktari alipoingia — binti mdogo, mpole. Akauliza, kuna dawa ya miti ametumia? Asifichwe, ndipo ajue atampa nini. Ivyne akaangalia sakafu.

Lenox akanitazama mimi. Akatabasamu na midomo ile mikavu. "Ndiyo, daktari. Ya mama. Kila wiki. Ilinisaidia."

Mbele yangu! Kwa ajili yangu!

Daktari akaacha kuandika. Akasema basi ile dawa kali aliyotaka kumwanzishia leo itangoja. Wapime ini na figo kwanza, waone hiyo miti imefanya nini. Labda mpaka Jumatatu. Akatoka.

Jumatatu! Na ile damu?

Nikisema, nimemwita mwanangu mwongo mbele ya mkewe. Ushuhuda wangu umekwisha. Kamene atajua, kanisa zima litajua kwamba Mama Lenox amekuwa akichemshia sinki.

Ninyamaze? Si ndiyo kazi ya dawa yetu, kunyamaza?

Ngoja niandike kwanza nione kama mkono utakubali. Daktari, mwanangu hajaonja hata tone.

Umekubali.

Huyo anarudi, ana faili. Viatu vyake navisikia. Lenox ananiangalia kupitia mlangoni, anatikisa kichwa, mama usi—