Mtihani Aliofaulu Dada Mal-rye

Dolmoe, Uiseong
Tarehe 6, mwezi wa tatu

Kwa mpwa wangu Yeon-sil,

Mimi Bae Man-sik nina miaka sabini na tisa. Vita vilikuja vikapita, nikabaki. Njaa za mwezi wa tano, shayiri ikiwa bado mbichi shambani na sisi tunatafuna magome ya misonobari, zikapita, nikabaki. Tufani ikabeba daraja letu, mimi haikunibeba. Fahali wanne nimewazika, na madaktari wawili walionikataza pombe ya mchele, nao nimewazika. Sasa unaponiandikia eti "Mjomba, peke yako hutamweza mama," kwanza ujue unamwambia nani.

Haya, marahaba. Natumaini goti lako halijakushinda na masufuria ya hapo shuleni. Sisi huku wazima. Ila mama yako, hapo ndipo penye habari.

Juzi nimekuta viatu vyangu vya shamba kwenye friji ya kimchi, kando ya kabichi inayochacha, vimepangwa vizuri, kisigino kwa kisigino. Nikamwuliza, "Dada, siku hizi tunachachusha viatu?" Akaniangalia. "Vyako vilishachacha zamani." Unaona? Ulimi wake haujasahau kitu.

Mimi sasa namchunguza. Ukimwuliza tumekula nini asubuhi, anasema hatujala, kwamba namnyima. Ukimwuliza habari za ng'ombe aliyenipiga teke utotoni, anakutajia mwenye ng'ombe, rangi ya ng'ombe, na mahali nilipoangukia. Kwa nini? Nimefikiri sana, naona kichwa ni kama ghala la vitunguu saumu. Vilivyoingia mwisho viko mlangoni, kwa hiyo ndivyo vinavyotoka kwanza. Nimemweleza mwalimu wetu wa kusoma pale ukumbi wa wazee, akasema hajawahi kusikia. Bila shaka hajawahi, nimeligundua mimi.

Sufuria imeungua mara moja, ni kweli. Basi, mara nne. Lakini nyumba ipo.

Usipige simu, sikio halisikii, na herufi nimezipata uzeeni kwa jasho, sitaki zipotee. Andika.

Mjomba wako,
Man-sik


Ulsan
Tarehe 19, mwezi wa tatu

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako jikoni, wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Goti linalalamika lakini linakwenda. Je, mgongo wako? Na huyo mwanamke wa kuchachusha viatu, anakula vizuri?

Mjomba, nimetafuta na nimepata. Ni nyumba ya matunzo ya wanaosahau, hapo hapo Uiseong mjini, basi lako linapita mlangoni. Nilikwenda bila kuwaambia ili nione ilivyo. Kabla ya kuuliza lolote nilinusa. Haikunuka mkojo, ilinuka supu ya maharage. Wazee wana bustani yao ya saladi, na bibi mmoja aling'oa miche yote aliyopanda mwenzake, wakaipanda tena pamoja wakicheka. Kitanda kimoja kiko wazi. Msimamizi atatuwekea mpaka kabla ya sikukuu ya mavuno.

Tatizo ni kulipa. Bima ya matunzo ya wazee inabeba sehemu kubwa, lakini mpaka mkaguzi aje nyumbani, amwone mama, ampe daraja. Bila daraja tunalipa yote wenyewe, na mshahara wangu ukijumlishwa na vitunguu vyako hautafika mwaka. Mkaguzi anakuja tarehe 10 ya mwezi ujao. Nakuomba kwa magoti yote mawili, hata hili bovu: usifanye kitu. Mwache mama aonekane alivyo.

Na kwa kuwa wewe sasa ni mchunguzi, nichunguzie jambo. Nilipokuwa mchanga mama alikuwa na jina alilonibembelezea. Nimelisahau, na mwingine anayelijua hayuko duniani.

Mpwa wako,
Yeon-sil


Dolmoe
Tarehe 12, mwezi wa nne

Mpwa wangu,

Kaa chini usome taratibu. MAMA YAKO AMEFAULU.

Salamu utazikuta mwishoni, furaha haiwezi kungoja. Uliniambia nisifanye kitu. Yaani mgeni wa serikali aingie nyumba ya akina Bae amkute dada yangu nywele timutimu, blauzi nje ndani? Hata fahali, siku ya mnada, anaoshwa. Mke wa jirani Pyo akamwogesha kwa niaba yangu, nikamtolea ile nguo ya kijani ya harusi ya mwanao, nikampaka mafuta nywele. Nikachemsha mikate ya mchele. Na kabla ya hapo, asubuhi na jioni, nilikuwa namfunza. "Dada, huu mwaka gani? Msimu gani? Hii ni nini?" Nampa kalamu, nampa ufunguo. Akikosea narudia. Akipata nampa njugu. Mwalimu wangu mwenyewe hakunifunza vile.

Mkaguzi ni mwanamke kijana, anaitwa Bi Tak, ana mfuko mkubwa. Mama yako alipomwona mlangoni, Yeon-sil, aliwaka! Akaketi wima kama mke wa ofisa.

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Themanini na nane. Wewe bado hujaolewa? Mikono laini hivyo."

"Huu ni msimu gani?"

"Miti ya pichi imechanua, unaniuliza msimu? Kula mkate."

"Unavaa nguo mwenyewe?"

"Anivalishe nani, huyu? Hata vifungo vyake anakosea."

Bi Tak akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha akaniuliza mimi kama dada hupotea njia. Nikamwambia, "Kijiji hiki? Hata kuku hawapotei." Akauliza kuhusu moto. Nikasema sufuria zetu ni kuukuu.

Jina lako la uchanga nilimwuliza, akasema Yeon-sil ni nani. Alikuwa amechoka na mtihani.

Hatujambo, mgongo haujambo.

Mjomba wako mshindi,
Man-sik


Ulsan
Tarehe 8, mwezi wa tano

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri.

Majibu yamekuja. Mama hakupewa daraja lolote. Wameandika kwamba anajimudu.

Mjomba, ule haukuwa mtihani wa kufaulu. Kadiri anavyojibu vizuri, ndivyo wanavyolipa kidogo. Na mama akiona mgeni huwaka kama taa, mgeni akitoka anazimika, wewe unabaki naye gizani. Ulimsomesha ili aonekane haumwi.

Sina hasira. Nilikuwa nayo, nimeiacha kwenye masufuria. Tunaweza kuomba upya, lakini safari hii mtu lazima aseme yaliyopo, mbele ya mgeni, kwa mdomo wake. Anayeishi naye ni wewe. Utaweza?

Yeon-sil


Ulsan
Tarehe 30, mwezi wa tano

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hujanijibu. Mkuu wa kijiji amenipigia, anasema mama alipotea, akapatikana, na wewe hutaki kuongea na mtu. Niandikie hata mstari mmoja. Mzima? Nyote wazima?

Mpwa wako,
Yeon-sil


Dolmoe
Tarehe 3, mwezi wa sita

Mwanangu Yeon-sil,

Marahaba. Tu wazima. Nilikuwa sijapata maneno, na mimi si mtu wa kukosa maneno, uliza popote.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nakata vikonyo vya maua ya vitunguu, saa nne hivi, mvua imeacha. Narudi nyumbani mlango wazi. Nikaita. Kwa Pyo hayupo. Ukumbini hayupo. Mkuu wa kijiji akatangaza kwenye spika, "Bibi Mal-rye mwenye nyumba ya paa la bluu, aliyemwona aseme," kijiji kizima kikasikia, na mimi ndiye niliyesema hata kuku hawapotei.

Nikampata mimi mwenyewe, chini kule kwenye kivuko cha zamani, cha kabla daraja halijajengwa. Miguu mitupu ndani ya maji. Mgongoni amefunga mto wa kulalia kwa mbeleko. Sijui mbeleko ile ameitoa wapi, ni ile aliyokubebea wewe. Anautikisa ule mto, anauimbia.

Nikapiga kelele, "Dada!"

Akageuka. "Mzee, punguza sauti. Utamwamsha."

"Nimwamshe nani?"

"Man-sik wetu. Amelia tangu jana, ndiyo kwanza amelala."

Nikasimama, Yeon-sil. Mimi ndiye Man-sik, maji yamenifika magotini, nina miaka sabini na tisa, naye ananikataza mimi nisimwamshe mimi. Nilitaka kumwambia. Kisha nikaona nikimwambia, huyo aliye mgongoni atakwenda wapi? Nikanong'ona, "Mnakwenda wapi?" Akasema, "Kusini. Wote wanakwenda kusini." Nikasema, "Hata mimi. Twende pamoja, njia ya kusini ni hii." Nikamwongoza hadi nyumbani. Njia nzima mkono wake mmoja ulikuwa nyuma, umeshika makalio ya ule mto usiteleze.

Ghala langu la vitunguu lilikuwa la kweli, basi. Vya mlangoni vimekwisha. Dada yuko ndani kabisa, na mimi niko naye huko, ila si huyu.

Mwombe mkaguzi arudi.

Mjomba wako,
Man-sik


Ulsan
Tarehe 9, mwezi wa sita

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo sana. Nimesoma barua yako nikaisoma tena. Nimeomba upya. Anakuja tarehe 24, ni Bi Tak yule yule, ameniambia kwenye simu kwamba anaikumbuka mikate. Usipike mikate.

Nitaomba ruhusa nije.

Yeon-sil


Dolmoe
Tarehe 13, mwezi wa sita

Usije. Ukija ataona mgeni wa pili, atawaka mara mbili. Niachie.

Mjomba


Dolmoe
Tarehe 21, mwezi wa nane

Kwa mpwa wangu Yeon-sil,

Natumaini ulifika salama baada ya kumpeleka mama yako nyumba ya matunzo, na goti limepoa. Ulikuwa na haraka ya basi sikuweza kukusimulia siku ya mkaguzi, na jambo kubwa namna hii halisimuliwi kituoni.

Sikuogesha mtu. Sikupika. Nilikaa kona na kitunguu saumu kibichi mdomoni, ili kila nikitaka kusema niungue kwanza. Bi Tak akauliza msimu. Dada akasema baridi inakuja, nje joto linakausha chura. Akauliza mwaka, dada akamwuliza yeye ni binti wa nani. Nilikuwa najua majibu yote, Yeon-sil, yote! Nilitafuna.

Kisha akaninyooshea kidole. "Bibi, huyu ni nani?"

Dada akanitazama. "Mzee mmoja wa hapa. Huja kula wali wangu."

Bi Tak akanigeukia, akauliza kwa upole. Nikatema kitunguu. Nikasema, "Hupotea. Sufuria zimeungua, nyumba ilinusurika. Nimemfungia mlango mara kadhaa kama mbuzi, kwa sababu nilishindwa. Na hanijui." Hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko gunia lolote nililobeba, nami nimebeba magunia ambayo vijana wa sasa wangeyaviringisha. Nikalia mbele ya mgeni wa serikali. Dada akamwambia Bi Tak, "Analia njaa huyu. Mpe wali."

Basi daraja tukapata, na bima inabeba sehemu yake. Iliyobaki tumeshakubaliana: nusu jiko lako, nusu shamba langu la bondeni. Usinibishie tena, vitunguu vya mwaka huu ni vikubwa kama ngumi, hakuna kama hivyo Uiseong nzima.

Sasa sikiliza nilichogundua. Kila siku ya soko nashuka pale kwenye nyumba ya matunzo. Ananiuliza, "Wewe nani?" Mwanzoni nilikuwa najitaja, anaingiwa na hofu. Siku hizi nasema, "Mpita njia, bibi." Ananisogezea kiti. Mpita njia anaambiwa mambo, mwanangu! Nimekaa na dada yangu chini ya paa moja miaka kumi na tatu tangu baba yako afe, hakuwahi kunisimulia ile safari ya vita. Wiki iliyopita nikamwuliza, "Huyo mtoto wa mgongoni si mzito?" Akasema mzito. Akasema watu waliokuwa mbele walimwambia amwache kando ya njia, kilio chake kitawaponza wote. Hata mama yetu alinyamaza. Yeye ana miaka kumi na mitatu. Akaingiza mkono kifuani akatoa ukoko wa wali, wake wa siku ile, akanitilia mdomoni, nikanyamaza. Akatembea hadi jioni bila kula.

Nikamwuliza, "Ulimwambia alipokua?"

"Ya nini? Atajiona ana deni. Yule ana majivuno sana, deni litamvunja."

Kwa hiyo mimi sikuambiwa. Aliambiwa mpita njia. Kama angenikumbuka nisingelijua hadi kaburini.

Na wewe nimekuletea lako. Nikamwuliza kama ana mtoto wa kike. Akasema anaye, mchanga, jina lake Kiazi, kwa sababu alizaliwa wa duara, ana utando wa uzazi kichwani kama udongo. Kiazi, ndiyo jina lako. Goti lako likikusumbua, jiite.

Ukiona nimetia chumvi, mashahidi wapo. Bi Tak alikuwepo, ataapa kuhusu kitunguu na machozi, ingawa ningependa aape kuhusu kitunguu tu. Mkuu wa kijiji ana spika yake. Pyo aliniona nikipanda kutoka kivukoni nimelowa, nimemshika dada mkono. Na la ukoko anayelijua ni mmoja. Nenda ukamwulize mwenyewe, lakini useme wewe ni mpita njia. Mwulize mdogo wake Man-sik yuko wapi. Atakuambia yuko mgongoni, amelala, usimwamshe.

Mwamini. Ndipo nilipo.

Mjomba wako,
Man-sik