Fanta ya Kumaliza Maneno

Kamembe, upande wa Rwanda, Jumapili. Mvua tangu asubuhi, mpaka wa Bukavu bado umefungwa, na mimi nina hasira nisiyojua niipeleke wapi.

Ijumaa Fiston, kijana wa jirani, miaka kumi na sita, alimvuta Aline, binti wa kaka yangu, nyuma ya jiko lao. Alimkaba, akamrarulia blauzi. Aline akamng'ata mkono, akakimbia. Ana miaka kumi na mitano.

Leo wazazi wa Fiston wamekuja kuomba msamaha, wamebeba kreti ya bia na Fanta. Kaka akamwuliza kijana kwa nini alifanya vile. Akajibu kwa Kiswahili cha Bukavu, akitazama chini, na sidhani alidanganya:

"Mu video babinti banakataaka kwanza, kisha banakubali."

Kumbe ndiyo shule yake. Tangu vita vianze ng'ambo ya mpaka, vijana wanashinda na video za uchi, wanarushiana simu kwa simu, nasi tunadhani wanafuata habari za vita.

Nikasema twende polisi. Papa Fiston akashika kichwa: "Batu banakufa kule Bukavu, na sisi tupelekane polisi juu ya mambo ya batoto?" Nyumba yetu imejaa ndugu waliokimbia kutoka huko. Wote wakaitikia. Kaka akaniambia kazi yangu kama shangazi ni kumfunza binti namna ya kujitunza.

Kweli, ndiyo kazi yangu. Kwetu shangazi huwaita mabinti chumbani akawaeleza mambo ya mwili na ya ndoa.

Wavulana hakuna anayewaita.

Kisha Aline akaambiwa ampelekee Fiston Fanta kwa mkono wake, ionekane maneno yamekwisha. Nilimshika asiende. Baba yake akamtazama tu, naye akajitoa mikononi mwangu, akaenda. Nilitamani kuipasua ile chupa. Sikuipasua.

Fiston alikunywa yote. Mama yake akamrudishia simu waliyomnyang'anya Ijumaa, eti ndiyo pekee nyumbani mwao, na kaka yake mkubwa aliye Bukavu anaweza kupiga. Kabla hajavuka mlango alikuwa ameshaiinamia.

Kesho Aline ana shule, na njia inapita mbele ya jiko lile. Nitamsindikiza.

Nitamsindikiza mpaka lini?