Tairi Jembamba, Rimu Pana

Jumatatu, 24 Aprili

Mdogo wangu Ryuhei amerudi! Miaka miwili hajakanyaga hapa Okaya, tangu alipomwambia Baba usoni kwamba hatarithi duka la matairi, akaenda zake Nagoya. Leo mchana gari likaingia uani kwa kishindo — jeupe, la michezo, milango miwili, limeshushwa chini hata paka hapiti. Mama alitoka na aproni yake, analia huku anacheka. Baba hakutoka. Alikaa ndani akisikiliza injini. Baadaye akaniuliza, silinda ngapi zile? Hakuuliza habari za mwanawe. Lakini ameuliza kitu!

Mimi nilikuwa na magari kumi na moja ya kuvuliwa matairi ya theluji. Ndio msimu wenyewe. Mgongo wote moto.

Jumanne, 25 Aprili

Kumbe kilichomleta ni rimu. Nne, za mitumba, inchi kumi na saba, upana tisa na nusu. Zinapendeza, sikatai. Anataka ziwe sawasawa na ukingo wa madigadi, zisitokeze wala zisizame. Ndiyo mapenzi ya vijana wa huku: ukitokeza hupiti ukaguzi wa serikali, ukizama unachekwa na wenzako.

Nikamwambia rimu hizo zinataka tairi la upana wa milimita 255. Tukajaribu moja kuukuu — linasugua bodi kila usukani ukikatwa. "Basi weka 215," akasema. 215 kwenye tisa na nusu! Ni kumvika mtu mzima shati la mtoto. Tairi linavutwa mpaka mdomo wake unashika rimu kwa ncha tu. Upepo ukipungua, kwenye kona linachomoka. Nikamwonyesha rimu zangu za upana wa inchi nane, na matairi ya 225 ya kwenda nazo. Gari litakaa vizuri na barabara litaishika.

"Dada, hizo ni za wazee wa kwenda sokoni kununua tofu."

Nimekataa. Baba alikataa kazi hiyo miaka thelathini, na alitukanwa sana kwa ajili yake.

Jumatano, 26 Aprili

Mama amenifuata kwenye kompresa. Anasema jana jioni Baba alikaa uani na Ryuhei, boneti wazi, nusu saa nzima. Baba, ambaye tangu kiharusi hatoi maneno kumi kwa siku! "Usije ukamfukuza mwanangu kwa ajili ya tairi, Misuzu."

Namfukuza mimi? Mimi niliyebaki? Miaka yote hii nafungua na kufunga nati za watu, hakuna aliyewahi kunililia na kunichekea mlangoni. Naona wivu. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 27 Aprili

Nimeyafunga, yale 215.

Nilingoja Baba aende hospitali kwenye mazoezi yake. Sabuni nyingi, upepo mwingi, pwa! pwa! — kila tairi likaruka mahali pake kwa mlio wa kutisha. Ryuhei akaning'iniza uzi kwenye madigadi, chini kafunga sarafu ya yeni tano yenye tundu, kama wanavyopima wote. Uzi ukapita kando ya rimu bila kugusa, pengo la unywele. Akacheza uani kama kichaa! Akanikumbatia. Miaka mingapi hajanikumbatia?

Nimejaza upepo wa kilopaskali 300. Nimemwonya: kila asubuhi pima, isishuke chini ya 280. Ndiyo dada, ndiyo dada.

Baba akarudi na mkongojo wake. Jicho la kushoto halioni vizuri siku hizi. Akalizunguka gari, akaegemea tairi la nyuma kidogo kwa mkono, akauliza, umefunga wewe? Nikasema mimi. Akasema, basi ni salama.

Sikula chakula cha jioni.

Jumamosi, 29 Aprili

Nimepima mwenyewe maana yule bwana hapimi. Matairi matatu yako sawa. La nyuma kulia: 265! Nikapaka maji ya sabuni. Mapovu madogomadogo, mdomoni mwa tairi, yanatoka taratibu. Nikajaza tena hadi 300, nikafuta sabuni kwa ovaroli yangu kama mwizi.

Nilikuwa niseme wakati wa chakula. Naapa. Lakini Baba, katikati ya tambi zake, akaanza kusimulia gari lake la kwanza, lililomfia siku ile ile aliyokwenda kumposa Mama. Maneno yanakwama, anayasukuma, na Ryuhei anamngoja ayamalize! Sijawahi kumwona Ryuhei akimngoja mtu. Mama anacheka hadi anajifuta macho. Ningesemaje?

Kesho asubuhi nayavua. Nafunga rimu za nane, anune akinuna. Najua: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jumapili, 30 Aprili

Saa mbili asubuhi nimeitwa kwa mteja, pancha, kando ya ziwa. Nikasema dakika ishirini tu. Zikawa sabini. Narudi — gari jeupe halipo.

Mama yuko mlangoni anang'aa uso. Wamekwenda mlimani Kirigamine, wote wawili! Baba ndiye aliyeomba! Kavaa na tai!

Kipimo cha upepo kiko kwenye msumari wake. Hakikuguswa.

Nikapiga simu ya Ryuhei. Kimya. Nikapiga tena. Mama ananiambia waache wazungumze. Mara ya tano akapokea Baba. Wako juu, theluji bado ipo, wamekunywa chai. Nikasema Baba, msishuke. Nikasema yote: 215, tisa na nusu, mapovu ya jana. Mama amesimama ubavuni pangu, anasikia kila neno.



"Nilijua tangu Alhamisi, nilipoligusa tairi," Baba akasema. "Mkono wangu haujapata kiharusi, Misuzu. Kupanda mlima, nilitaka nipande naye japo mara moja. Kushuka, nilikuwa nangoja simu yako."

Nyuma yake Ryuhei anaita, Baba ingia, tunachelewa. Nikasema mpe simu. Nikamweleza. Akasema, "Umengoja niwe mbele ya Baba ndipo unifanye mtoto?" Akasema atashuka polepole, yeye si mjinga. Akakata. Sasa simu imezimwa.

Nimepakia rimu nne za inchi nane, na jeki. Naandika gotini, ndani ya kigari cha mizigo, injini inawaka. Robo saa imepita. Sijui gari limeondoka au halijaondoka. Sijui kama Baba amepanda humo.

Mama kasema siondoki bila yeye. Hajanitukana. Hajanitazama. Karudi ndani mbio — na ninapiga honi, Mama twende! — huyo anatoka. Amebeba makoti mawili, la Baba na la Ryuhei.