Mahali Mtoto Anapolala

Jumanne, 8 Oktoba 2019

Barua kutoka shuleni. Nimeisomea barazani, koti bado mwilini, na kufika mstari wa pili nikajua nani aliyeitunga. Mimi! "Tunaomba uthibitishe, ndani ya siku kumi za kazi, mahali mtoto anapolala siku za shule." Neno hilo "anapolala" nililiweka mwenyewe mwaka 1994, nikiwa karani wa shule hiyo, Whitcomb. Kabla ya hapo tulikuwa tunauliza mtoto anaishi wapi, na watu wakatuchezea wee – anaishi huku, anaishi kule, ana shangazi kila mtaa. Nikamwambia mwalimu mkuu, tuulize kichwa cha mtoto kinalazwa wapi. Alinisifu mbele ya walimu wote.

Leo barua imenijia mimi. Inamtaja Amiyah, mjukuu wangu, darasa la nne. Kwenye karatasi zao anakaa hapa kwangu. Ukweli ni kwamba analala kwa mama yake, binti yangu Latrice, ng'ambo ya mto, nje ya eneo ambalo Whitcomb inapokea watoto. Saa kumi na moja na robo alfajiri Latrice anamshusha hapa, anakimbilia kazini kwake kuwaogesha wazee. Mtoto anamalizia usingizi kwenye kochi. Nampa uji wa mahindi, nampeleka shule kwa miguu, mitaa miwili tu. Jioni mama anakuja kumchukua. Hivyo hivyo tangu mwaka jana.

Kochi hawatalikubali. Mimi nilikuwa silikubali.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimempigia Latrice. Akasema: "Si uwaandikie tu kwamba analala kwako? Barua zao unazijua kuliko wao."

Nikamwambia watakuja kuangalia. Wataangalia nini, akauliza. Nikamtajia: kitanda, mswaki – na kama umelowa – nguo za ndani kwenye droo, viatu vya mvua, madaftari. Na harufu. Chumba kisicholaliwa kina harufu yake.

"Yesu wangu! Mama, ulikuwa unanusa vyumba vya watu?"

Nilikuwa nanusa, ndiyo. Mara kadhaa nilimsindikiza mkaguzi, na nilikuwa najiona mjanja.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimesafisha chumba cha juu, kile alichokulia Latrice. Nimetandika kitanda, nikakilalia mwenyewe mchana kutwa ili kikunjikekunjike. Mgongo unaniuma. Bomba la boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, linagonga ukutani, dirisha halifungi, nimelizibia taulo. Nyumba hii ina umri kunishinda, na inalalamika kunishinda.

Madalali wametupa tena kikaratasi mlangoni. Nyumba ya pili kutoka kwangu inauzwa. Mistari miwili kuhusu nyumba, mitano kuhusu Whitcomb! Paa bovu hawalitaji. Baba aliponunua hapa mwaka 1961 tulikuwa weusi wa kwanza mtaani, na kufika Krismasi majirani watano walishatundika mabango ya kuuza. Sasa watoto wao wanarudi, wanapigana vikumbo kununua, kisa shule. Na mjukuu wa mtu ambaye hakuhama ndiye anayeulizwa analala wapi.

Nina hasira, acha niiandike. Kule kwao ng'ambo, darasa la pili, Amiyah alibadilishiwa walimu wanne ndani ya mwaka mmoja. Wa mwisho alisema mtoto ni mzito. Mzito! Alikuwa hajui kusoma, basi, hakuna aliyemfundisha. Miezi sita Whitcomb akaanza kusoma maboksi ya nafaka, mabango, mpaka matangazo ya misiba kwenye gazeti langu. Ananisomea kwa sauti: "Bibi, huyu ameacha wajukuu kumi na wanane!" Nikimrudisha kule atazima. Hilo ndilo ninaloliogopa, jingine lolote nitalimudu.

Jumanne, 15 Oktoba

Gari la kijivu limeegeshwa mkabala tangu alfajiri. Mwanaume ndani, kofia, kamera. Latrice alipomshusha mtoto, nimeona kamera ikiinuliwa.

Nani ametuchoma? Nimeshajua. Kirsten wa nyumba ya kulia, yule aliyehamia mwaka jana na mbwa wake anayevalishwa sweta. Mtoto wake yuko darasa moja na Amiyah. Wiki iliyopita aliniuliza, eti, Amiyah huwa anaamka mapema hivyo kila siku? Leo amekuja na mkate wa ndizi. Nikamwambia arudi nao, kwangu hatuli chakula cha wambea. Akawa mwekundu mpaka shingoni. Akaondoka bila neno. Vizuri.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemwona Mavis Pruitt kanisani, mazoezi ya kwaya. Yeye ndiye aliyeshika kaunta yangu nilipostaafu. Nilimfundisha mwenyewe, mwezi mzima. Nikambana karibu na makoti: nani alipiga simu?

Akaangalia chini. "Hakuna aliyepiga simu, Dada Ernestine."

Basi vipi?

"Daraja."

Nilikaa kwenye kiti. Daraja! Mwezi uliopita walilifunga daraja la mto asubuhi tatu kulitengeneza. Na ujanja wa daraja ni wangu. Siku daraja limefungwa, nilimwambia Mavis, chukua orodha ya waliochelewa, uiweke kando. Anayekaa mitaa miwili kutoka shuleni hana sababu ya kuchelewa siku hiyo. Amiyah alichelewa zote tatu. Nilikuwa namwona anakuja anahema, na mimi mwenyewe nikamwandikia kikaratasi kwamba tumbo lilimuuma!

"Nilitaka nilipite jina lake," Mavis akasema. "Lakini wewe ndiye uliyenifundisha tusilipite jina la mtu. Wala la mchungaji." Alikuwa analia. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa.

Kirsten sijamwomba radhi. Nimemwona asubuhi akitoa taka, nikaingia ndani.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mkaguzi amekuja. Kijana mpole, amevua viatu mlangoni. Amepanda juu, amefungua droo, ameshika mswaki. Nilikuwa nimeulowesha. Ameinamia mto wa kulalia pale kitandani, nikajua anachofanya, nikashusha macho.

Akasema chumba ni kizuri sana. Halafu akatoa picha. Asubuhi nne, gari la Latrice, Amiyah anashuka na blanketi mabegani. "Bi Ernestine, naomba tusichoshane."

Njia ni mbili, anasema. Amiyah aondoke Whitcomb kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, na faili la mama yake, kwa kudanganya, liende kwa wanasheria wa wilaya. Au mahakama ya watoto inipe mimi ulezi, mtoto ahamie hapa kweli, alale hapa kweli. Wikendi tu kwa mama yake.

Alipofika mlangoni akaongeza, bila kunitazama: tukiandika kwamba ni kwa ajili ya shule, mahakama inaitupa. Lazima iwe kwamba mama hawezi kulea.

Hakuwa na haja ya kuniambia. Karatasi za namna hiyo zilikuwa zinapita kwenye kaunta yangu.

Jumatano, 23 Oktoba

Latrice amekuja baada ya kazi. Nimempikia sukuma na shingo za bata mzinga, hakugusa. Amekonda. Nikamweleza.

"Unataka niape kwamba silei mwanangu."

Nikasema ni karatasi tu. Atakuwa hapa, si mwezini. Utamwona.

"Karatasi tu! Wewe kusema hivyo? Wewe?" Akasimama. "Unamkumbuka Shanell?"

Namkumbuka. Rafiki yake wa darasa la tano. Nilikwenda kumtoa darasani mwenyewe, Latrice akiwa dawati la pili. Mama yake Shanell alikuwa kanipigia magoti ofisini, nikamwambia karatasi zake hazijakamilika. Latrice hakusema nami wiki nzima, na mimi nikamchapa, nikisema ana kiburi.

"Alikuwa anaishi kwenye gari, Mama. Ulijua?"

Nilijua. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilijua.

Akaondoka na Amiyah. Sahani imebaki.

Jumamosi, 26 Oktoba

Amerudi. Hakuvua koti. Akasema, "Nipe hizo karatasi, niambie cha kuandika."

Tumekaa mezani jikoni. Mimi najua maneno yanayopita na yasiyopita. Aliuliza aandike pombe? Nikasema hapana! Pombe wanaleta ustawi wa jamii, mtoto anapelekwa kwa wageni. Ugonjwa unataka daktari. Nikamwambia andika uchovu. Andika zamu mbili kwa siku, ukirudi unaanguka usingizi, mtoto anajipikia, anajiogesha, anajilaza. Hilo linapita. Ni zito kiasi cha kukubalika, na si zito kiasi cha kukufunga.

Nilidhani atagoma, au atanitukana. Aliandika tu. Haraka, bila kuinua kichwa, mpaka akapita mistari niliyomtajia, akageuza karatasi nyuma. Nikamwambia inatosha. Akasema, "Ngoja nimalize."

Nikasifu mwandiko wake. Sijui kwa nini nilisifu mwandiko.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya kanisa nimemfundisha Amiyah. Mahakamani wanamhoji mtoto peke yake, siku hizi ndivyo. Tulifanya kama jedwali la kuzidisha, mimi nauliza, yeye anajibu.

Nani anapika nyumbani kwa mama? – Mimi. Mama anakuwa amelala. Nani anakuogesha? – Mimi mwenyewe. Unataka kukaa na nani? – Na bibi.

Mara ya tatu akanitazama. "Bibi, hatusemi vibaya juu ya mama?"

Nikamwambia tunamsaidia mama. Akauliza kama mama anajua. Nikasema anajua. Akafikiri, akasema basi sawa. Halafu: "Nikisema yote vizuri nitabaki kwa Bwana Lindqvist?" Huyo ndiye mwalimu wake wa kusoma. Utabaki, nikasema.

Nikampa kipande cha pai ya viazi vitamu. Nikaenda chini kwenye boila, nikalia, nikapanda tena. Naona aibu. Nimefanya kazi ya shule maisha yangu yote, na leo ndiyo siku niliyomfundisha mtoto vizuri kuliko zote.

Jumanne, 5 Novemba

Theluji ya kwanza, kidogo. Kirsten amenifagilia ngazi bila kuulizwa. Nilimwona kupitia pazia. Nimemfungulia, nikamwambia nilimkosea. Akasema si kitu, akauliza Amiyah yukoje. Nikasema mzima.

Alhamisi, 7 Novemba

Mahakamani. Naandika hapa hapa kwenye benchi, mikono isikae bure. Latrice yuko kushoto kwangu, kavaa gauni la kanisani. Tumeitwa saa nne na nusu, sasa karibu saa tano.

Amiyah ameingia. Mwanamke wa mahakama amemshika mkono, ana sauti ya upole na viatu visivyotoa sauti. Mlango haujafunga vizuri. Tunasikia yote.

Nani anapika? – "Mimi. Mama anakuwa amelala."

Sawasawa. Sauti yake ile ya kusoma mbele ya darasa. Nani anakuogesha – vizuri. Unataka kukaa na nani – vizuri, ingawa alichelewa kidogo.

Mwanamke anauliza kama huwa anaogopa. Hilo hatukulifanyia mazoezi!

Anajibu: "Mara moja tu."

Lini?

"Mama aliporudi kutoka kazini akalala pale mlangoni, kwa ndani. Na koti. Nikamwita, nikamtikisa, hakuamka. Nikamwekea kioo mdomoni nione kama anapumua, kama kwenye televisheni. Nikakaa naye na viatu vyangu nimevaa, ili kengele ya simu ikilia alfajiri twende kwa bibi."

Hayo sikumfundisha. Nimemgeukia Latrice, nimemuuliza kwa midomo tu: kayatoa wapi hayo?

Anatazama mikono yake. "Nilimwomba asikwambie," amesema.

Mara ngapi umelala hivyo, nikauliza. Ndani mwanamke naye anauliza mara ngapi, na Amiyah anahesabu kwa sauti, anakosea, anaanza upya. Sita, anasema. Hapana, saba, na ile ya Pasaka.

Kila siku amekuwa akimshusha barazani kwangu alfajiri, na mimi nikimwangalia mtoto kama amevaa soksi. Mama yake sikumwangalia.

Kalamu ya yule mwanamke inasikika. Anaandika muda mrefu.

Mlango umefunguliwa. Amesema anamtaka mama wa mtoto, peke yake, na kwamba bibi asubiri, kuna mtu wa ustawi wa jamii anashuka kutoka ghorofa ya tatu. Latrice amesimama, amenyoosha gauni, ameingia. Safari hii wameufunga vizuri.

Amiyah ameketi mahali pa mama yake. Miguu haifiki chini. Ananiuliza kama alikosea neno lolote.