Nyufa Zenye Zilipotea mu Foto

Tata na Jessica,

Bukari ya kula iko mu nyungu, mboga ya sombe iko chini ya sahani.

Asubui, wakati mulikuwa ku misa, mutu wa komisio ya kuhamisha batu alikuya na dosie yetu ya kuomba nyumba ingine. Akanipongeza. «Mama, nyumba yenu iko muzuri. Sioni ufa hata moja. Familia yenye nyumba muzima haipewe ingine.»

Nikaangalia foto ya mu dosie. Kweli, ukuta ulikuwa laini sawa shavu ya mutoto. Jessica, komisio inapokea foto ya mega mbili tu, sasa weye ulipunguza foto mpaka nyufa zikafutika. Bachimbaji ba kobalti balitoboa mashimo chini ya mutaa wetu wa Kasulo muzima, weye ukaitengeneza na kidole kimoja.

Nikamuuliza, «Kama iko muzuri, juu ya nini mutaibomoa juma hii?»

Akasema kubomoa ni kazi ya biro ingine.

Naenda ku siber, kwenye ordinatere za kulipia internet. Kwanza nitakata foto ya mwanzo yenye bado kupunguzwa, nibakishe ufa, nitoshe inje mbingu na mbuzi ya jirani. Kisha nitapunguza kidogo tu, mbele ya kuingiza mu dosie. Kuvuta kona ya foto yenye imekwisha kuingia inaifanya ionekane kadogo, lakini uzito unabaki uleule.

~~Jessica asiguse tena ordinatere.~~ Jessica, piga foto mupya ya chumba chetu. Fungua dirisha, simama karibu na ukuta, usitetemeke. Toka, unitumie mbio.

Tata, usipumzike mule chumba. Wakati nilikuwa nafunga kitambaa, nilisikia udongo unaanguka chini ya kitanda, na ulianguka murefu, sawa mu kisima.

Mama